Amri ya Saa Nane na Robo

Siku ya kumi na moja ya moto, Noelene Haddow alikuwa bado hataki kusikia habari ya kulala. Alikuwa kapteni wa wazimamoto wa kujitolea wa Wirrabeen, mashariki mwa Victoria, na ukaidi wake mji mzima ulikuwa umeuzoea. Asubuhi ile Beryl Tranter, mama wa redio, aliyekaa nyuma ya gari na daftari lake, alimwambia, "Umekwisha, mwenzangu. Kalale hata kwa masaa mawili tu, naibu wako Des atashika."

"Nitalala mvua ikinyesha," Noelene akajibu, akaendelea na kipande chake cha keki ya matunda.

Watu wa kule wana neno moja la kuungua mpaka kwisha, nalo wanalitumia kwa kila kitu: injini iliyokufa, vijana wanaounguza magurudumu barabarani, nyasi zilizochomwa makusudi, na binadamu asiyebakiwa na kitu ndani. Noelene alilitumia kwa nyasi kila siku. Likitajwa juu yake, alinuna.

Na kazi ya mchana ule ilikuwa nyasi. Moto mkubwa ulikuwa unashuka kutoka milimani, na kati yake na barabara palikuwa na malisho makavu ya kilomita mbili. Ukiyachoma wewe kwanza, moto mkubwa ukifika unakuta majivu na mji unapona. Ila kabla ya kuwasha lazima uwe na hakika kwamba hakuna mtu ndani. Kila anayeingia huomba ruhusa kwa kapteni redioni, Beryl akaandika jina na saa, na kapteni hawashi mpaka Beryl asome daftari lake.

Saa nane na nusu Beryl alikuwa ameziba masikio na vipokea sauti, akizungumza na makao makuu. Noelene hakumsubiri.

"Des, washa," alimwambia naibu wake, Des Quilty.

"Beryl ameshasoma?"

"Nimesema mimi. Hamna mtu mle. Upepo ukigeuka hutaweza tena kuwasha, hata na kiberiti cha bibi yako. Washa!"

Des akawasha. Nyasi zilishika papo hapo, na moto ukakimbia kuelekea milimani kama ulivyotakiwa. Noelene aliuangalia akaridhika, na kusema kweli ulikuwa moto mzuri.

Beryl akavua vipokea sauti. Alipouona moshi, uso ulimbadilika.

"Nani kawasha?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Merv yumo ndani!"

Merv alikuwa shemeji yake Noelene, mume wa mdogo wake. "Mjinga gani alimruhusu?" Noelene alifoka. "Nani? Nitajie jina!"

Beryl hakumtajia. Alimgeuzia daftari. *Saa nane na robo. Merv aomba kwenda kufungulia ng'ombe geti. Kapteni: Nenda, una dakika ishirini na tano.*

"Sikusema hivi."

"Ulisema, Noelene. Mkataniana na kutaniana. Akakwambia ng'ombe wale wana akili kuliko ukoo wenu. Ukacheka."

Noelene alijitafuta kichwani. Geti, ng'ombe, kicheko, hakuona hata kimoja. Ile robo saa haikuwepo kabisa, na hilo lilimtisha kuliko jambo lolote alilowahi kuliona motoni. Alinyakua redio. "Merv! Merv, nijibu!" Redio ilikoroma tu. Aliita tena, akaita mpaka sauti ikakauka, huku Des amesimama na kiwashio cha moto mkononi asijue akiweke wapi.

Halafu redio ikakohoa.

"Shemeji, nimo bwawani. Maji shingoni, ng'ombe wako huku na huku, na mmoja ananikanyaga. Kuna mwehu kawasha moto nyuma yangu! Mkamate huyo, nikitoka namng'oa meno."

Beryl akaanza kulia. Noelene alibonyeza kitufe.

"Ni mimi, Merv. Niliwasha mimi."

"Usinichekeshe, moshi umenijaa kifuani. Si wewe uliyeniruhusu?"

"Ndiyo mimi."

Moto ulipita juu ya bwawa, na baada ya nusu saa Merv alitoka kwenye majivu, nyusi zimeungua, sikio moja limevimba malengelenge. Alikuja moja kwa moja kwa Noelene, ngumi ameikunja.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sikumbuki, shemeji. Wallahi sikumbuki hata kuongea na wewe."

Merv alimtazama machoni, na ile ngumi ikalegea yenyewe. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayemwogopa.

Noelene akamgeukia Beryl. "Nisomee za jana."

"Achana na za jana."

"Soma!"

Beryl akasoma. Maagizo tisa, yote kwa jina la kapteni: gari hili lipeleke kule, watu hawa waingie bondeni, wale watoke. Noelene alisikiliza kama anayesomewa habari za mtu mwingine. Alikumbuka mawili tu.

Akampa Des redio.

"Shika wewe," alisema. "Na ukinisikia leo natoa amri yoyote, Des, hata nikikulilia, usinitii."