Jumamosi Ilikuja Kabla ya Ijumaa

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba Jumamosi imekuja kabla ya Ijumaa.

Alikuwa mama mnene mwenye kilemba. Ameketi kwenye kiti cha mgeni rasmi kando ya korongo la Isambala, anajipepea. Alhamisi na Ijumaa wamesimama nyuma ya turubai na ndoo zao za kumwagilia zege. Mlinzi amewakatalia kuingia.

"Umewahi mno," nikamwambia. "Zege bado bichi."

"Sikuwahi, nimeitwa," akajibu. "Mgeni rasmi hana nafasi siku nyingine."

Hasira ikanipanda. Mimi ndiye msimamizi wa mradi wa daraja lile, la watoto wa shule kuvukia. Na kazi zetu siku hizi hupangwa kinyumenyume: kwanza inatafutwa tarehe ya mgeni rasmi, kisha turubai na ngoma, halafu ndipo mtu akumbuke kuuliza zege linataka muda gani kukomaa. Jana mchana, nikiwa macho kabisa, mkurugenzi wangu Bwana Lutambi aliniagiza nikifika kazini leo nisaini kwamba daraja limekamilika. Nikalala nikiliwaza agizo hilo.

Ndotoni naye yupo. Amevaa suti, ameshika mkasi.

"Binti, saini tukate utepe."

Mkasi ukakohoa. "Mzee, mimi nakata chochote. Ila nikikata huu, kitakachoanguka si utepe."

"Nyamaza. Wewe ni wa kuazima," Bwana Lutambi akauambia.

Upande wa pili wa utepe watoto wamepangwa mstari na vibendera vya karatasi, tayari kupita wa kwanza. Mmoja anarukaruka kwa furaha. Nikasema hapana. Neno likatoka mdomoni likiwa dogo kama punje ya ulezi, likaangukia majanini, na kuku akalidonoa. Nikalisema tena. Kuku akasogea karibu, akasubiri jingine.

"Hasira hasara," Bwana Lutambi akasema kwa upole, ule upole wake wa kutukana. "Ukikataa wewe, wanaoitaka kazi hii wamejaa."

Nikageuka nimwendee mwalimu wao, lakini nyuma yangu hapakuwa tena na korongo. Nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa jumuiya ya wasimamizi wa miradi. Naujua ukumbi huo kwa kusikia tu. Rafiki yangu Nyamizi, anayesimamia ujenzi wa zahanati, huniita huko kila wanapokutana, nami humjibu kwamba nina shahada yangu, sina haja ya kwenda kunywa chai na watu waliovaa fulana za sare.

Mlangoni pamekaa mizani, ile ya kupimia korosho.

"Sababu ya kujiunga?" ikauliza.

"Nataka cheti."

Sababu ikashuka kwenye sahani. Mshale haukutikisika.

"Nataka semina."

"Upepo huo. Nyingine?"

"Kujuana na wakubwa."

Mizani ikacheka mpaka ikapiga chafya. "Mama, hapa tunapima. Kama umekuja kupamba ukuta, fundi wa fremu yuko ng'ambo ya barabara."

Hapo nikachemka. "Nimechoka!" nikaikemea. "Nimechoka kukataa peke yangu! Zege halijakomaa, najua mimi, anajua yeye. Nikisema hapana hakuna anayesimama nami, na wale watoto watapita!"

Sahani ikashuka kwa kishindo, ikagonga sakafu.

"Hiyo ina uzito," mizani ikasema. "Pita."

Ndani kumejaa watu. Mmoja amebeba paa la darasa kichwani, mwingine amejiviringisha bomba lisilotoa maji kiunoni. Nyamizi akanijia na andazi mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

"Mwasiti! Miaka yote nakuita! Ulidhani tunakunywa chai tu? Kidole kimoja hakivunji chawa, shoga."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Daraja liko wapi?"

Ukuta ukafunguka tukajikuta mbele ya utepe, ukumbi mzima, mabega kwa mabega, watoto wakiwa nyuma yetu.

"Liseme tena," Nyamizi akaniambia.

Tukalisema wote. Safari hii neno hapana lilitoka na ukubwa wa lori la mchanga, likajiegesha mlangoni mwa daraja. Kuku akakimbia. Jumamosi akainuka, akakaza kilemba, akasema angeambiwa mapema asingejisumbua. Akaenda kujipanga nyuma ya Ijumaa.

Bwana Lutambi akafoka kwamba sisi ni wahuni. Nyamizi akamjibu kwa sauti iliyotoa mishipa ya shingo: "Basi saini wewe! Na wanao ndio wapite wa kwanza! Walete! Walete sasa hivi!"

Bwana Lutambi akalitazama daraja. Hakumwita mtoto wake hata mmoja.

Nikaamka nimekunja ngumi. Kabla woga haujanirudia nikampigia Nyamizi simu. Ikapokelewa, lakini nikasikia mkwaruzo tu.

"Nyamizi? Ni wewe?"

"Ni mimi," akanong'ona. "Nimeamka sauti imekauka yote. Baba Sikitu anasema nimegombana na mtu usingizini mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Sema, shoga, unataka nini alfajiri hii?"

"Nataka kujiunga."

Nikamsikia akikohoa. Habari za Bwana Lutambi sikuwa nimemwambia mtu yeyote, si yeye, si mama yangu mzazi.

"Kwa huyo mzee wako usiende peke yako," akasema. "Nimeshavaa viatu."