Mtoto Asianguke Mbele ya Mgeni

Msusi alikuwa amefika utosini. Binti yake wa miaka saba alikaa chini katikati ya magoti yake, akipiga soga bila kituo. Si bure mtaa mzima ulimwita Chiriku. Alikuwa akisimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyopiga chafya mpaka chaki ikamponyoka. Katikati ya kicheko maneno yakaanza kumtoka yamevurugika, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni.

"Acha utundu, kaa sawa," mama akasema, akamvuta nywele kurudisha kichwa katikati.

Kichwa kikaja kizima, kizito, na mwili ukakifuata. Alipomgeuza, upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala.

Kwenye zahanati ya jirani, muuguzi hakuinuka kitini. "Kiharusi ni cha wazee, mama. Huyu amechoka tu. Au anadeka." Wakapewa vidonge vya maumivu. Asubuhi mkono wa kulia ukakataa kuinuka, ndipo wakakimbizwa hospitali kubwa. Huko daktari alizunguka kitanda na wanafunzi wake, akawaeleza kwa lugha ya vitabuni, wao wakitikisa vichwa.

"Daktari, mwanangu kapatwa na nini?"

"Mshipa umeziba kichwani."

"Umezibwa na nini?"

Daktari alikuwa ameshafika kitanda cha pili.

Jibu alikuwa nalo mama mkwe. Alilitoa huku anasuuza vyombo, wala hakupandisha sauti. "Ulimkaza mno, mwanangu. Mkono wako mzito, siku zote nasema." Hakulirudia tena. Hakukuwa na haja.

Tangu hapo msusi hakusuka kama zamani. Mteja akikaa tu, mara ataacha kitana, azunguke mbele, amkazie macho. "Hebu cheka kidogo." Mwanzoni wanawake walicheka kweli, wakidhani ni utani wa kazi. Baadaye wakachoka. Misuko yake ikawa legelege, inafumuka kabla wiki haijaisha, na wateja wakahamia kibaraza cha jirani mmoja mmoja, wakimsalimia kwa haya walipopita. Mumewe, utingo wa malori, akirudi safari alimbeba mtoto begani kutwa nzima, kisha akapanda tena lori.

Kibaya kuliko vyote ni ile sauti. Yuko uani anaanika nguo, anamsikia Chiriku chumbani anasimulia chafya ya mwalimu, neno kwa neno, na kicheko juu. Anatupa nguo, anakimbia. Anamkuta mtoto ameegemea ukuta, mate yanamtiririka kidevuni, kimya.

Siku moja katibu wa hospitali akamwita ofisini. Kulikuwa na chumba kipya cha mazoezi kwa watoto waliopatwa na kiharusi, zawadi ya wafadhili, na mgeni rasmi angekuja kukizindua.

"Tumemchagua wako. Ana sura nzuri, hasa upande huu mzima," katibu akasema. "Atatembea katikati ya vyuma vya kushikilia, wageni watapiga makofi, basi. Ila mtoto asianguke mbele ya mgeni. Na wewe ukiulizwa, sema anahudumiwa hapa kila wiki."

"Mbona hajawahi kuhudumiwa?"

"Ataanza. Unataka aanze, au nimwite mama mwingine?"

"Nataka, mzee. Nataka."

Basi gari la hospitali likawa linawafuata mpaka mlangoni. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mwenye sauti ya upole, alimshikisha Chiriku chuma kwa mkono mzima, akamfundisha kuunyanyua mguu mzito, kuuweka, kuuamini. Alimwimbisha maneno aliyoshindwa kuyasema. Siku moja mtoto akasema "maji". Msusi akatoka nje, akalia akiwa ameuma mtandio asisikike.

Siku ya uzinduzi, wakiwa wamesimama kando ya vyuma, alijikaza akamwuliza yule kijana lile lililokuwa linamla. "Mwanangu, eti kusuka… Ukimvuta mtoto nywele sana, mshipa unaweza…"

Kijana akamtazama, ameshangaa. "Kusuka? Nani kakwambia hivyo? Sikiliza, mama, damu yake ndiyo ina…"

"Ameingia getini! Kila mtu mahali pake!" katibu akapaza sauti.

"Tukimaliza nitakueleza vizuri," kijana akanong'ona.

Chiriku alitembea. Hakuanguka. Mgeni alimbeba, kamera zikamulika, msusi akaulizwa na akasema alichoambiwa aseme.

Wiki iliyofuata gari halikuja. Akamfunga mtoto mgongoni, miguu inaning'inia maana alishakuwa mkubwa, akaenda mwenyewe. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa na kufuli.

"Yule kijana wa mazoezi?"

"Kahamishwa," mlinzi akasema. "Mwingine hajaletwa. Rudi nyumbani, mama, mtaitwa."

"Alikuwa na neno la kuniambia."

"Neno gani?"

Msusi akampa kisogo. Akazunguka nyuma ya jengo, akamshusha mtoto chini ya dirisha, wakachungulia. Kwenye vile vyuma yalikuwa yameanikwa mapazia ya wodi ya wagonjwa wa kulipia, mazito, yanachuruzika maji juu ya magodoro ya mazoezi.

Chiriku akashika nondo za dirisha kwa mkono mzima. Akaanza peke yake. Aliunyanyua mguu wa kulia, akauweka. Akaunyanyua tena. Kiatu kilikwaruza chokaa ya ukuta, kikaacha alama nyeusi.

Mwanamke wa usafi akatokea na ndoo. "We mama! Mwondoe huyo mtoto, anatuchafulia ukuta!"

Msusi akapiga magoti pale pale, akaanza kufuta ukuta kwa ncha ya khanga. Mbele ya uso wake mguu ulinyanyuka tena, ukatua palepale alipofuta.