Muuguzi Mmoja, Wagonjwa Wanne

Sahani za mchana zilikuwa bado mezani. Mwanafunzi wa uuguzi alizisogeza kwa kiwiko akapata pa kuweka kitabu cha maswali ya mazoezi. Mtihani wa leseni alikwisha kuufeli mara mbili, na hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Akianguka tena, miaka yote ya chuo imekwenda na maji.

Akasoma. Uko peke yako kwenye zamu. Mwanamume aliyevunjika mguu anapiga kelele. Mzee anataka kuruhusiwa aende nyumbani. Mtoto anapumua kwa shida. Mama aliyejifungua asubuhi anaomba maji. Utamwendea nani kwanza?

Alipoinua macho walikuwa wameshaingia. Mwanamume alikuwa kwenye kochi akipiga kelele. Mzee alisimama mlangoni na mfuko wake. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa meza, kifua kikipiga filimbi.

Shangazi yake akatoka jikoni akifuta mikono. "Wageni wako hawa? Mbona hukusema, ningeongeza maji kwenye mchuzi."

"Ni wa kwenye swali, shangazi."

"Wa kwenye swali hawakai?" Akaleta viti.

Mama aliyejifungua aliketi, na mwanafunzi akamfahamu. Alifia wodini wakati wa mafunzo, kitanda cha dirishani, mwanafunzi akiwa ameinamia mtoto wa kitanda kingine. Hakuna aliyelaumiwa.

"Unatokwa na damu?" akamuuliza.

"Swali halijasema," mama akajibu kwa upole. "Naomba maji."

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Chini ya kiti sakafu ilikuwa imelowa.

Maswali ya namna hii ndiyo yaliyomwangusha. Kila mara alimchagua mgonjwa aliyenyamaza, na mkufunzi alimkaripia mbele ya wenzake: "Unaona mambo yasiyoandikwa. Swali usilitie chumvi, bibie. Pumzi kwanza."

Shangazi aliwatazama wageni mmoja mmoja. "Huyu anavuja, yule anakabwa. Mwenzako yuko wapi?"

"Hayupo. Swali lina muuguzi mmoja."

"Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Kwenye mtihani kinavunja, shangazi."

Akamchagua mtoto. Filimbi ikatulia, mtoto akaomba kwenda kucheza nje. Mama akafumba macho pale pale kitini. Shangazi akamlaza kwenye mkeka, akamfunika shuka, akapiga deki.

Kesho yake, vyombo vilipotolewa, mama alirudi. Ikawa hivyo kila siku. Hakuwahi kulalamika, na shangazi alizoea kumwekea kiti karibu na mlango, palipokuwa rahisi kusafisha. Siku moja mwanafunzi alimwinamia sikioni. "Leo nianze na wewe."

"Utafeli," mama akasema. "Halafu nani atakuja?"

Siku ya mtihani mama alikaa kando ya dawati la mwanafunzi. Msimamizi alipita akamtaka asinong'one, akaendelea kugawa karatasi. Swali lilipofika, mwanafunzi aliweka alama kwa mtoto.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu. Shangazi alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kwa heshima ya aliyelala sebuleni.

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa wodi alimkabidhi funguo za kabati la dawa.

"Mwenzangu ni nani?" akauliza.

"Leo uko peke yako."

"Na kesho?"

"Kesho ni kama leo, mdogo wangu. Ukishazoea hutauliza." Akachukua mkoba wake, akaenda.

Wodi ilijaa. Wengine walilala wawili wawili, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Mama alikuwa ameshatangulia, amelala kitanda cha dirishani, shuka limefika kifuani. Upande wa pili mtoto wa mtu akaanza kupiga filimbi kifuani, na bibi yake akasimama akiita.

Muuguzi akatembea haraka katikati ya vitanda.

"Naomba maji," mama akasema alipomfikia.

"Nakuja," akamwambia, akapita.

Jibu lilikuwa sahihi.