Jino Moja Kushoto

"...umetingishika! Mama, njoo! Haki ya Mungu tena, mkia umetingishika wenyewe!"

Mama alitokea mlangoni, kiazi mkono huu, kisu mkono ule, na uso wa mtu aliyekwisha kuzoea kuitwa kwa makelele. Nyumbani binti huyu walimwita Redio, na hawakumwonea. Tangu arudi likizo kutoka chuoni alikuwa hajazima: nani kachumbiwa, nani kafeli, mhadhiri gani kaingia darasani na viatu visivyofanana na hakuna aliyethubutu kumwambia. Habari ikimfikia haikai, inapita moja kwa moja.

"Mkia wa nini tena?"

"Wa ndege ya baba."

Kiazi kikaacha kumenywa.

Ndege ilikuwa juu ya meza ya kazi katika chumba cha nyuma, palepale ilipowekwa mwaka jana na watu walioileta. Bawa moja lilikuwa limepasuka, na vumbi limejilaza mgongoni kama blanketi. Baba alikuwa fundi wa friji kwa ajili ya tumbo, na fundi wa ndege za rimoti kwa ajili ya roho yake. Redio alikuwa ameichomeka betri dakika mbili tu, na usukani wa mkia ukapepesuka kushoto mara moja, ukatulia. Kama mtu anayegeuka kuangalia nani kaingia.

"Toa betri," mama alisema. Hakuitazama ndege. Aliutazama ukuta.

"Rimoti imezimwa, mama. Sasa aliyeuamrisha nani?"

"We huko chuo unasomea nini? Ni umeme tu. Toa betri, mwanangu."

"Haya, umeme tu. Na wewe nunua kisu kingine, hicho kimeshakuwa kibogoyo. Mwaka mzima unamenyea kisu kisicho na ncha!"

"Kinanitosha," mama alisema, akarudi jikoni.

Redio akacheka. Akatoa betri. Simu yake ikatetemeka: rafiki yake wa bwenini, ambaye Redio alikwisha kumwandikia kwamba nyumbani kuna mzimu, alikuwa anadai habari kamili. Hakujibu.

Maana ilikuwapo habari moja ambayo Redio hakuwahi kuitangaza kwa mtu yeyote.

Ndani ya tumbo la ndege ile mlikuwa na kiboksi cha mota kisichozidi kiberiti. Mafundi hukiita servo. Juu yake husimama mhimili mfupi wenye meno madogo kama ya kitana, na juu ya mhimili hubanwa mkono wa plastiki. Mkono huvuta waya, waya huvuta usukani wa mkia. Ukiupachika mkono umekosea jino moja tu, ndege utaiambia nyooka, nayo itakwenda pembeni.

Jioni ya kuamkia siku ile ya ajali, miwani ya baba ilikuwa imevunjika mguu. "Leo macho yako ndiyo macho yangu," alimwambia. "Pachika mkono, na uweke alama." Redio akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, akadondosha tone juu ya mkono, na jingine kwenye jino la mhimili. Matone yakikutana, mkono umekaa sawa. Je, yalikutana? Simu ilikuwa imebanwa begani, anacheka na yuleyule rafiki yake. Hakumbuki. Anakumbuka kicheko, hakumbuki matone.

Kesho yake ndege ilivuta kushoto, baba akairudisha, ikavuta tena, ikaangukia juu ya paa la ghala bovu. Baba akapanda kuifuata. Bati la kwanza lilimbeba. La pili halikumbeba.

Tangu hapo Redio aliongea. Aliongea kwenye foleni, aliongea maktaba mpaka wakamfukuza, kwa sababu kila aliponyamaza alisikia mlio wa mota ndogo ikivuta upande mmoja.

Sasa alikuwa ameketi kwenye stuli ya baba, jua la saa tisa likimwingilia dirishani. Tone la chini lilijificha ndani ya shingo ya mkono. Njia ya kuliona ilikuwa moja tu: kuutoa mkono, na kuutoa bila kuuzungusha mhimili wala kutafuna meno yake. Meno yakiliwa, ataishi maisha yake yote bila kujua.

Alifungua skrubu ya katikati kwanza. Akachora kwa penseli mstari juu ya kiboksi, sawa kabisa na tone la mkono, ili hata mambo yakimponyoka abaki na ushahidi. Kisha akauvuta mkono kwa vidole. Haukunyanyuka hata unene wa kucha. Bisibisi bapa ilikuwa pale pembeni, inamtazama. Baba angemchapa kofi la mkono. "Ukitekua upande mmoja, utatoa mkono na meno pamoja. Mbembeleze huyu. Pande mbili, kwa wakati mmoja."

Alileta mashine yake ya kukaushia nywele, akaipulizia plastiki ile joto la kiasi. Halafu akafungua droo, akamtoa Mkunga.

Hilo ndilo jina baba alilokipa kidude kile cha shaba alichokichonga mwenyewe: taya mbili za kushika chini ya mkono, na skrubu katikati ya kusukuma kichwa cha mhimili. Kinatoa bila kuumiza, alikuwa akijisifu. Redio akaingiza taya ya kulia, ikaingia. Ya kushoto ikagoma. Kuna kitu kimeziba. Akakigeuza kidude, taya zikashika mbele na nyuma. Akakaza robo mzunguko, akangoja. Robo nyingine. Nyumba nzima ilikuwa kimya, hata jikoni. Kisu kilikuwa kimeacha kukwaruza.

Tik.

Mkono ukanyanyuka, mwepesi, kana kwamba haukuwahi kugoma.

Akainama. Tone la mhimili halikuwa kwenye mstari wa penseli. Lilikuwa pembeni, jino moja.

Basi ni yeye. Akaugeuza ule mkono wa plastiki ili asiuone uso wake, na ndipo akaona ndani ya shingo, kwenye mfereji ulio chini ya tone lake hasa, doa jekundu. Jioni ile rangi ilikuwa mbichi, na ilichafua pale ilipogusa. Jino lenye tone lilikuwa limekaa hapo, mahali pake. Aliupachika sawasawa.

Mtu aliutoa baada yake, akaurudisha.

Na upande wa kushoto, plastiki ya kiboksi ilikuwa na jeraha refu. Mtu alikuwa ametekua upande mmoja. Ndani ya jeraha kulikwama kitu kilichong'aa. Redio akakichomoa kwa ukucha, kikadondoka juu ya meza: pembetatu ndogo ya chuma, yenye makali upande mmoja.

Alijua kilikotoka kabla hajageuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Redio hakujua tangu saa ngapi.

"Umeutoa," mama alisema.

"Mama, mimi nilidhani ni mimi." Sauti haikuwa ya Redio, ilikuwa ya mtoto. "Mwaka mzima. Nilidhani niliukosea mimi."

"Wewe?" Mama akashika fremu ya mlango. "Wewe ulidhani... Na mdomo wote huo, mwanangu, hukuweza kuniambia hilo moja?"

"Na wewe?"

Mama akaja polepole, akaketi juu ya kreti la vifaa. Kwa mara ya kwanza aliitazama ndege.

"Baba yako alikuwa akishika kifua toka usiku. Nikamwambia pumzika leo, akanitania. Nikasema moyoni, kikiharibika kitu kidogo tu, hatatoka. Kitu kidogo tu." Akakifungua kiganja chake, akakifumba. "Nikautoa ule mkono kwa ncha ya kisu. Kisha nikamsikia bafuni anaimba. Nikaona haya. Nikaurudisha. Nilidhani nimeurudisha vilevile ulivyokuwa."

Simu ikatetemeka tena juu ya meza, ikasogea kidogo kidogo mpaka ikagusa bawa lililopasuka. Redio akaizima. Alikuwa na maswali mia, yamejipanga mdomoni kama abiria. Akasogeza stuli mpaka magoti yao yakagusana.

Mama akakiweka kisu mezani, kando ya ile pembetatu. Vilikuwa vya mwili mmoja. Akajifuta kiganja kwenye kanga.

"Viazi vitakuwa vimeshakuwa vyeusi," alisema. "Njoo unisaidie. Kesho, mwanangu. Kesho asubuhi nitakwambia yaliyobaki, tangu pale nilipofungua droo ya visu."