Mguu wa Bata, Mkono wa Ndolo

Mtoto alizaliwa na nguvu za fahali, sauti ya kuamsha kijiji, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyoshikana kama ndizi pacha. Bibi yake, Syombua, alipofunua shali na kuviona, alivifunika tena polepole.

"Huyu hatapewa jina la Ndolo," akasema.

Furaha ikaingia mdudu. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na marehemu Ndolo, mume wa Syombua, alikuwa mchongaji aliyejulikana kutoka Kikima hadi Kalamba. Mikono yake ndiyo iliyoilisha nyumba ile. Syombua hakuwa tayari kulitia jina hilo katika mkono aliouona umelaaniwa. Mama mtoto, Ndunge, aligeukia ukutani akalia. Wanawake wa kanisa walikuwa njiani kuja kulisikia jina. Wakilikosa, kijiji kizima kingejua sababu, na mtoto angekua akibeba aibu hiyo.

Nzilani, binti wa Syombua na mwalimu wa bayolojia, hakulia. Alikuwa anawaka kwa hamu ya kueleza. Mwaka huo wa 1994 alikuwa amesoma habari iliyomnyima usingizi: jeni inayoziamuru seli za mnyoo mdogo zife ina ndugu yake ndani ya binadamu.

"Mwaitu, nisikilize," alimwambia mama yake. "Mkono wa kila mtoto tumboni huanza kama mwiko. Hauna vidole! Halafu seli za katikati hupata amri ya kufa. Zinakufa kimya, bila usaha, na vidole vinabaki. Baba alipochonga mkono, vidole alivibandika?"

"Nani anabandika vidole? Alitoa mti usiotakiwa."

"Basi! Hapa kuna sehemu haikutolewa. Amri haikufika."

"Amri ya nani? Ya chifu?"

"Ya jeni, Mwaitu! Zina umri mkubwa kuliko milima ya Mbooni. Mnyoo anazo, kuku anazo, wewe unazo. Zimerithishwa tangu wanyama hawajaota hata miguu."

"Kumbe nimeolewa na ukoo wa minyoo," Syombua akasema. Ndunge akacheka katikati ya kwikwi.

"Ngoja nikuonyeshe!"

Nzilani alikimbilia jikoni, akamwinua kuku aliyekuwa akiatamia, akadonolewa mkono, asijali. Alichagua yai kubwa kuliko yote, akidhani kifaranga kikubwa ndicho kitaonekana vizuri. Akalipasua kwenye sahani, mlangoni penye mwanga, mama yake akiwa ameinama begani pake.

"Tazama kuku. Vidole vyake vimeshaachana!"

Kwa njiti ya kibiriti aliunyoosha mguu mdogo. Kati ya kidole na kidole palikuwa na ngozi, imetandazwa kama utando wa maziwa.

Syombua alivuta pumzi. "Mwalimu. Kumbe hata kuku wangu wamelaaniwa."

Nzilani aliinamia sahani tena. Ndiyo kwanza amelizika jina la baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha macho yake yakahamia kichwani mwa kile kiumbe. Mdomo ulikuwa bapa.

"Mwaitu. Umemwekea kuku mayai ya nani?"

Syombua akatazama pembeni. "Ya bata. Bata wangu mvivu, hakai juu ya mayai. Nikamchanganyia kuku machache."

Nzilani alipiga kelele ya furaha, kuku wakatawanyika uani. "Niletee la kuku! Wewe ndiye unayeyajua!"

Syombua alilileta mwenyewe, dogo, na akalipasua mwenyewe. Mguu uliotokea ulikuwa na vidole vilivyoachana, kila kimoja peke yake. Alitazama sahani hii, akatazama ile, akarudia.

"Jeni ni zile zile," Nzilani akasema, maneno yakisukumana kutoka. "Kwa kuku zimeachiwa zifanye kazi hapa kati. Kwa bata zimezuiwa papa hapa, ndiyo maana anaogelea! Sasa niambie, bata amemkosea nani?"

"Bata?" Syombua akasema. "Bata hajamkosea mtu."

Alinawa mikono, akaenda kitandani, akampakata mtoto. Akaipitisha ncha ya kidole juu ya ngozi iliyounganisha vile viwili. "Hapa tu ndipo amri haikufika?"

"Hapo tu. Daktari wa upasuaji anaweza kupamalizia."

"Angoje huyu anenepe kwanza. Nisije nikaumiziwa mtoto."

Nyimbo zilikuwa zimefika kwenye ua. "Hodi!" sauti ikaita. "Mgeni wetu anaitwa nani?"

Syombua alitoka hadi kizingitini, akautoa mkono wa kulia wa mtoto nje ya shali, akauinua wote wauone.

"Ndolo," akasema. "Msalimieni."

Ndani, Ndunge aliketi, akajifuta uso, akaomba uji.