Sinema kwa Upande wa Wanawake

Gazeti la kilimo lilifika Bagamoyo kila Jumatatu kwa basi la asubuhi, na kabla ya adhuhuri nusu yake ilikuwa imeshafungiwa vitumbua. Nusu iliyobaki ilisomwa. Watu walianza na ukurasa wa nyuma, penye hadithi ya picha ya mkulima Kombo, visanduku sita vilivyochorwa kwa wino na Alawi bin Mrisho, kijana wa Mlingotini. Jina lake halikuwamo. Chini paliandikwa "mchoraji wetu", basi.

Jambo hilo lilimuuma Alawi, na lilimuuma zaidi kwa ajili ya mama yake. Bi Mwaija alikuwa ametamba mtaa mzima kwamba mwanawe ndiye mchoraji, na jirani yake Bi Zuleha alimjibu kila mara, "Mchoraji gani, shoga? Mwanao ananunua gazeti kama sisi." Bi Mwaija hakuwa na la kumwonyesha. Tena yeye alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, zile za chuo cha Kurani.

Mwaka wa hamsini na mbili Alawi aliagizwa na serikali achore habari za pamba. Kisanduku cha kwanza, Kombo amevaa matambara. Cha tatu, analima pamba kama alivyoamriwa. Cha sita, yuko juu ya baiskeli mpya, anacheka. Lakini waliosoma chuoni huanzia kulia, na visanduku vile wakavianzia kulia pia. Wakamwona Kombo mwenye baiskeli akilima pamba ya serikali na kuishia na matambara. Hawakuona kosa lolote. Ndivyo ilivyowapata wenyewe mwaka uliopita.

Siku ya Jumanne, Kombo mwenyewe wa gazetini aliingia sokoni kwa baiskeli. Alikuwa wa wino mtupu, bapa kabisa; akigeuka ubavu haonekani, inabidi umsubiri ageuke tena. Watu wakaamkiana naye, wakampa kahawa, ikamlowanisha mpaka magotini. Ijumaa hakuwa na baiskeli. Alikwenda na matambara yake nyumbani kwa Bi Mwaija, akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita ndani upesi, hapo mlangoni pana upepo."

Akapewa wali na mchuzi wa nguru. "Alawi," akasema huku anakula, "hawa watu wananisoma mpaka nalala njaa. Hebu nifanyie mpango."

Habari zikafika Dar es Salaam kwamba kuanzia Zinga mpaka Fukayosi hakuna anayetaka pamba, na kwamba wakulima wanalitaja gazeti lenyewe kuwa shahidi. Bwana Hadsoni, Mzungu wa ofisi ya sinema, akamwita Alawi. Kombo hakumshughulisha; kilichomuudhi ni kulia na kushoto. "Sinema inakwenda mbele tu," alisema. "Itunge upya hiyo hadithi, iwe sinema."

Alawi akatunga. Kisha ikaonekana kwamba aliyetunga ndiye atakayetafuta shamba, aazime baiskeli, aombe ruhusa kwa jumbe wa kijiji, awapikie pilau waigizaji na kuwabembeleza walionuna. Alifanya yote, na wallahi hakuwahi kufurahi vile. Kombo aliigiza nafasi yake mwenyewe, mradi asipigwe picha ubavuni. Siku ya mwisho Alawi akaomba jambo moja, jina lake liandikwe mwanzoni.

"Tutaona," akasema Bwana Hadsoni.

Sinema ilionyeshwa Bagamoyo baada ya magharibi. Gari la serikali liliegeshwa uwanjani, shuka jeupe likafungwa kwenye nguzo mbili, wanaume wakakaa mbele na wanawake nyuma ya shuka, kama ilivyo adabu. Mashine ikaunguruma. Maandishi yakatokea: IMETUNGWA NA KUTENGENEZWA NA B. HADSONI. Alawi akayasoma mara mbili. Kisha yakaja matambara, na hadithi ikaendelea.

Nyuma ya shuka mambo yalikuwa mengine. Upande ule, ambako kulia huwa kushoto, sinema ilianza na baiskeli, ikaja pamba, yakaja matambara, na wanawake wakaitikia, "Kweli hiyo." Wanaume walipokuwa wanashangilia baiskeli, wanawake walikuwa wamefika kwenye maandishi, nayo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, yamenyooka vizuri. Alawi hakuyaona, maana mwanamume hazunguki kule. Alisikia tu sauti ya mama yake ikipenya shuka, anatamka herufi moja moja polepole kama yuko mbele ya mwalimu.

"Aini, lamu... A-la-wi. Alawi bin Mrisho."

"Haya, shoga," akasema Bi Zuleha. "Nimeona kwa macho yangu. Hongera."

"Ahsante. Kesho uje tunywe chai."

Vigelegele vikapigwa. Wanaume wakadhani ni vya baiskeli. Alawi akafuta macho kwa kanzu, akacheka peke yake.

Mwezi uliofuata Bwana Hadsoni aliandikiwa barua ya pongezi, na amri ya pamba ikatoka tena, ekari moja kila nyumba. Sinema ikapangiwa kwenda Zinga, na Alawi akatangulia na shuka. Jumbe wa pale akamwonyesha ukuta wa ghala, umepakwa chokaa juzi tu, akamwambia atundike hapo asijisumbue na nguzo. Alawi akamshukuru sana. Halafu akaenda katikati ya uwanja, akachimba mashimo mawili, akapima kwa hatua upande wa nyuma mpaka akaridhika kwamba mikeka yote ya wanawake itaenea.