Mkono wa Daktari Vail

Gogo la msonobari lilichomoka kwenye mnyororo saa nne asubuhi na kuusaga mguu wa kulia wa Lurleen Hathcock. Mfupa ulikatika mara mbili chini ya goti, ngozi haikupasuka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwanamke pekee aliyeendesha msumeno mkubwa katika kiwanda cha mbao, na wenzake walipombeba alikuwa bado anawatukana kwa kumshika vibaya. Walimlaza nyuma ya pikapu wakampeleka hospitali ya kaunti, maana kutoka hapo hadi hospitali nyingine ni maili sitini za msitu na vinamasi.

Daktari Prentiss Vail alimfunga plasta ngumu kutoka pajani hadi kwenye vidole, akaenda zake. Kufikia jioni vidole vilikuwa vya bluu. Lurleen alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.

“Dada, punguza sauti,” muuguzi alimwambia. “Kila anayevunjika hapa anataka sindano ya pili.”

“Sitaki sindano! Likate hili dude, linanibana!”

Kesho yake daktari alisimama mlangoni bila kuingia. “Maumivu ni kawaida,” akasema. “Na nyie watu wa viwandani mmeshazoea vidonge.”

Siku ya tatu chumba kilianza kunuka. Walipoipasua plasta, nyama ya mguu ilikuwa nyeusi na laini kama ini lililosahauliwa juani. Mchana huohuo waliukata juu ya goti.

Kaka yake, Cordell, alikaa kando ya kitanda chake siku nzima. Alikuwa mkata miti, jitu la mikono mipana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kupiga. Lurleen alipozinduka akauliza mguu uko wapi, Cordell alitoka nje akakipiga ngumi kioo cha mashine ya soda, akashonwa nyuzi kumi na moja.

Lurleen aliishtaki hospitali, na kesi ikasikilizwa baada ya miaka miwili. Raia sita wa jopo la kuamua kesi waliangalia picha za ule mguu; mmoja wao, mama mwenye duka la chambo za samaki, aliziba mdomo akatoka kwenda kutapika. Waliporudi na uamuzi, walisema Lurleen alipwe dola milioni saba. Cordell alirusha kofia juu.

Jaji akasubiri watu watulie. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi: hospitali ni ya umma, na sheria ya Florida hairuhusu umma kulipa zaidi ya laki mbili kwa mtu mmoja. Daktari naye ni mwajiriwa wa umma, hivyo hadaiwi kitu mfukoni mwake. Kilichozidi laki mbili, mama huyu akaliombe bunge limtungie muswada wake mwenyewe.

“Subiri kwanza, mheshimiwa,” Cordell akasimama. “Milioni saba zimeingia mlango huu, laki mbili ndizo zinatoka? Nyingine mmezila saa ngapi?”

“Kaa chini, bwana.”

Hakukaa. Askari wa mahakama alipomshika bega alipigwa kichwa cha pua, na damu yake ikaruka hadi kwenye karatasi za mawakili. Wa pili alimrukia mgongoni. Cordell akajitupa naye juu ya meza, meza ikapasuka katikati. Magongo ya Lurleen yalipigwa teke, yeye akaanguka, na akiwa pale sakafuni kati ya viatu vya watu alimwona kaka yake akitetemeka kwa shoti ya umeme waliyompiga shingoni, macho yameelekea juu, bado anakunja ngumi.

“Sheria gani hii?” Lurleen alimuuliza wakili wake ukumbini nje. Wakili alikuwa Bi. Quattlebaum, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuvuta sigara.

“Wanasema kila kosa likilipwa kwa ukamilifu, hospitali ya kaunti itafungwa. Halafu wanaojifungua watafanyaje? Waendeshe maili sitini?”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi nasema mguu ni wako.”

Muswada wa kwanza ulifia mezani. Wa pili uliahirishwa. Cordell, aliyekuwa amekaa jela miezi minane kwa ile pua ya askari, alirudi nyumbani kimya kuliko alivyoondoka.

Jumapili moja mchana Lurleen alikuwa anakaanga kambare simu ikalia.

“Usiniwekee chakula,” Cordell alisema. “Nimemkuta Vail sheli anavuta boti mpya. Ameninyooshea mkono, dada. Amenisalimia!”

“Cordell, uko wapi?”

“Nyuma yake.”

Lurleen alizima jiko, akajitupa kwenye pikapu, akaendesha kwa mguu wa kushoto hadi nyumbani kwa daktari. Alisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya mti kwenye nyama, halafu mtu anakohoa. Daktari Vail alikuwa chini kwenye sakafu ya saruji kando ya boti, mpira wa maji bado unamwaga. Maji yaliyokuwa yakiteremka barabarani yalikuwa ya waridi. Cordell alikuwa ameushika mpini wa shoka kwa mikono miwili.

“Inuka! Inuka unisalimie tena!”

Alimshushia mbavuni. Kitu kilikatika ndani. Daktari alijaribu kutambaa chini ya boti. Cordell akamvuta kwa kisigino na kumpiga tena, mgongoni, begani, sikioni.

“Mwache! Utamuua!”

“Ndiyo!”

Lurleen aliruka kwa mguu mmoja, gongo likiteleza kwenye maji, na alipomfikia kaka yake alilizungusha lile la pili kwa nguvu zote za mabega yaliyoinua magogo miaka kumi na miwili. Lilimpata kwenye taya. Cordell alipiga magoti, akatema meno mawili, akaanguka ubavu. Mpini ukabingirika hadi miguuni pa Lurleen. Mguuni, tuseme.

Hapo angeweza kupiga simu kuita msaada. Alikuwa amekuja kuyazuia haya. Daktari alikuwa amejaa damu machoni, hajui nani ni nani, mkono wake wa kulia umenyooshwa juu ya saruji, unapapasa. Ulikuwa mkono safi, wenye kucha zilizokatwa vizuri.

“Naomba,” daktari alisema. “Inatosha. Naomba.”

Lurleen aliuokota mpini. Alisema “Maumivu ni kawaida,” kwa sauti ndogo ambayo hakuitambua, akaushusha juu ya ule mkono. Vifupa vilitoa mlio wa kijiti kikavu. Mara moja tu. Kisha akautupa, akavua shati lake la juu, akaliweka kwenye jeraha la kichwa cha daktari na kulikandamiza, huku akilia na kuita majirani.

Cordell alikuwa amelala pale, jicho moja wazi. Aliona yote.

“Nyamaza,” alimwambia dada yake kupitia taya iliyovunjika. “Ni mimi. Yote ni mimi.”

Na ikawa hivyo. Daktari Vail alipona mbavu, lakini vidole vitatu havikukunjika tena, wala hakurudi kwenye chumba cha upasuaji. Cordell alifungwa miaka kumi na miwili. Hakimu alisema wazi kuwa minne kati ya hiyo ni ya mkono. Lurleen alisikia akanyamaza, na kunyamaza huko kulimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Masika yaliyofuata, kamati ya seneti kule Tallahassee, mji mkuu wa jimbo, ikaupokea muswada wake wa tatu. Bi. Quattlebaum alimnong’oneza kwamba kura zipo. Daktari Vail naye alikuwepo, safu ya pili, mkono kwenye glavu ya ngozi.

“Mama Hathcock,” seneta mmoja akauliza, “watu wangu wananiuliza kwa nini tuilipe familia iliyoharibu mkono wa daktari wetu. Wewe ulimzuia kaka yako, sivyo?”

“Nilimzuia, mheshimiwa.”

“Kwa hiyo mkono ule ni kazi ya kaka yako peke yake.”

Neno moja tu lilihitajika. Bi. Quattlebaum alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali kwa niaba yake.

“Hapana,” Lurleen akasema. “Mkono ni mimi.”

Watu wakaguna. Seneta alivua miwani. Wakili alifunga faili bila kupiga kelele, na muswada haukufika hata kwenye kura.

Ukumbini nje daktari alimsubiri. Askari wawili walikuwa tayari wanakuja.

“Nilidhani ni yeye,” alisema.

“Najua.”

Daktari aliusugua mkono. “Wauguzi waliniita mara tatu usiku ule. Sikwenda. Mawakili wa hospitali waliniambia nisiseme hilo mahakamani.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu.”

Lurleen alimtazama hadi askari walipomgusa kiwiko.

Alifungwa miezi kumi na minne. Hukumu ya Cordell ilipunguzwa ile minne. Hospitali ililipa laki mbili zake. Wakili alichukua fungu lake, waliomtibu baadaye wakachukua lao, na kilichobaki kilinunua mguu wa bandia na paa jipya. Kiwanda kilimpa kiti kwenye chumba cha msumeno, kwa vile msumeno huo unaendeshwa kwa mikono.

Siku ya kwanza alipokwenda kumtembelea kaka yake gerezani, Cordell alikaa upande wa pili wa meza, taya imepinda kidogo.

“Mjinga wewe,” alisema. “Milioni saba!”

“Zisingetolewa zote.”

“Hata moja! Ningekula jela kama hoteli.” Alijifuta macho kwa mkono wa shati. “Umekuja na nini?”

“Hawaruhusu chakula.”

“Basi niambie umepika nini jana. Polepole. Anzia kwenye mafuta.”